Uzi: Heringi, mkate na magati – wiki tatu kwenye bandari za kaskazini mwa Ujerumani

Wakuu, salaam. Kaeni mkao wa kusoma, uzi ni mrefu.

Juni 2024 nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayesoma Bremen, nikakaa wiki tatu. Wengi wetu tukisikia Ujerumani tunafikiria Munich, soseji na bia. Kaskazini ni kwingine kabisa. Kule salamu ni "Moin", iwe asubuhi, mchana au usiku, na mtu akishaisema hana haja ya kukuongezea neno. Upepo hauishi. Na mtu akikuambia twende tukale, mara nyingi mtaishia kando ya maji.

Mimi ni mtu wa Tanga. Marehemu baba alifanya kazi kwenye matishari miaka mingi, enzi zile meli kubwa zilipotia nanga katikati ya ghuba na mzigo wa mkonge ukawa unapelekwa hukohuko. Ndiyo maana nikifika mji wenye bandari sianzi na makumbusho, naanza gatini. Na hoja yangu naitanguliza hapa: vyakula vya miji ile ukivila bila kuijua bandari yake utaviona vya ajabu, vya chumvi, vya baridi. Ukishajua chumvi ilitoka wapi na meli zilikwenda wapi, unakula tofauti.

BREMEN NA BREMERHAVEN

Bremen ni mji wa mto, mto Weser. Katikati ya mji kuna uwanja wenye sanamu ya mawe ya Roland, iliyosimama hapo tangu 1404, na nyuma yake jengo la baraza la mji ambalo UNESCO imeliweka kwenye urithi wa dunia. Pazuri sana, ila sitakaa hapo. Kilichonishika ni habari ya mto wenyewe. Mchanga uliujaza, meli kubwa zikashindwa kupanda mpaka mjini. Mwaka 1827 Bremen wakanunua ardhi huko chini karibu na bahari wakajenga bandari nyingine, Bremerhaven, yaani "bandari ya Bremen". Watu waliofuata maji yalikokwenda! Mtu wa pwani anaielewa hiyo bila kufafanuliwa.

Karibu na stesheni kuu ya Bremen kuna tembo mkubwa wa matofali mekundu. Alijengwa miaka ya 1930 kuwa kumbukumbu ya makoloni. Mwaka 1990 mji ukageuza maana yake, sasa ni mnara wa kupinga ukoloni. Nilikaa pale muda mrefu. Mdogo wangu anapita hapo kila siku akienda chuo, na aliniambia wapo Wajerumani wengi wa rika lake ambao hawajui kwamba Tanganyika ilikuwa yao.

Bremerhaven tulikwenda Jumamosi. Kwenye bandari ya uvuvi kuna nyumba za kubanika samaki kwa moshi, na harufu inakupokea kabla hujaona maji. Dirishani wamepanga samaki wa rangi ya dhahabu: mikunga mirefu, vibua na vipande vyembamba vilivyojikunja kama nywele. Nikauliza hivi ni nini. Muuzaji akasema vinaitwa Schillerlocken, nywele za Schiller, yule mshairi. Nikauliza samaki gani. Papa! Ni minofu ya tumboni ya papa mdogo wa bahari za baridi, ikipigwa moshi inajikunja yenyewe.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye mchuzi wa papa mkavu. Nilikata kipande pale pale nimesimama. Laini, mafuta mengi, moshi umeingia mpaka ndani. Nikamwambia mdogo wangu, hapa ingepatikana nazi na ndimu tu. Nilisikitika nilipoelezwa kwamba papa huyo amevuliwa kupita kiasi na sasa maduka mengi yameacha kumuuza. Sikununua kingine.

HAMBURG: GATI LINALOPANDA NA KUSHUKA

Sasa ndio tunafika kwenyewe. Hamburg haiko baharini. Iko kwenye mto Elbe, kama kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, lakini maji kupwa na kujaa yanafika mpaka mjini, na tofauti yake inapita mita 3. Gati kuu la abiria, Landungsbrücken, ni mlolongo wa mapantoni yanayoelea, urefu wake karibu mita 700. Yanaunganishwa na nchi kavu kwa madaraja madogo. Asubuhi niliposhuka, daraja lilikuwa mteremko mkali, wazee wanashika vyuma. Nilipopita tena mchana lilikuwa karibu limelala sawa. Nilisimama katikati yake nikawa naangalia maji yanavyopanda kwenye nguzo, mstari wa majani mabichi unazama taratibu. Nilijiona niko nyumbani, kasoro baridi tu.

Hapo ndipo pa kula Fischbrötchen. Ni mkate mdogo wa mviringo, ganda gumu, unapasuliwa na kuwekwa samaki, vitunguu vibichi na labda jani la saladi. Basi. Hauna mbwembwe. Samaki unachagua mwenyewe: heringi wa siki (wanamwita Bismarckhering), samoni wa moshi, vibua, samaki wa kukaanga, au Matjes.

Matjes ndiye niliyemwendea. Ni heringi mchanga aliyevuliwa kabla hajataga, akiwa na mafuta mengi. Anatolewa matumbo lakini kiungo kimoja cha ndani kinaachwa makusudi, maana ndicho kinachomlainisha, kisha analazwa kwenye maji ya chumvi mpaka aive. Aive bila moto, wakuu. Juni ndiyo anaingia sokoni mpya, na chini ya mto kidogo, mji wa Glückstadt unamfanyia sherehe mwezi huohuo.

Tonge la kwanza nililitafuna kwa wasiwasi, nakiri. Samaki asiyepita jikoni kwetu si chakula. Lakini halikuwa na ubichi. Ilikuwa kama siagi yenye chumvi, halafu kitunguu kikalipasua, halafu ganda la mkate. Nilikula mbili. Euro 5 moja, si bei ya kimaskini ukiigeuza shilingi, ila kwa pale ndicho chakula cha mtu yeyote: niliyesimama naye meza moja alikuwa na suti, wa pili amevaa ovaroli la kazi lenye grisi. Wote tunawalinda samaki wetu dhidi ya shakwe, maana ndege wale wanapora mkononi kweli kweli.

Kama unajiuliza heringi anafanana na nini kwetu: ni ndugu wa simu (yule samaki mdogo wa pwani, si ya kupigia), na dagaa wa Kigoma wako jamaa hiyohiyo. Chukua simu, mfikirie na urefu wa kiganja na nusu.

Kingine ambacho lazima nikiseme. Kivuko namba 62 kinatoka Landungsbrücken mpaka Finkenwerder, na ni usafiri wa kawaida wa umma, kama daladala. Tiketi yako ya treni inakubalika. Mimi nilikuwa na ile Deutschlandticket ya mwezi mzima, wakati ule euro 49, nikakaa juu kwenye sitaha napita katikati ya meli za kontena na tagi bila kulipa senti ya ziada. Kuna mama alikuwa na mifuko ya sokoni anarudi kwake. Kuna watoto wa shule. Upande mmoja ufukwe wa Övelgönne watu wanaota jua kwenye mchanga, upande wa pili winchi zinashusha makontena. Bandari kubwa kuliko zote Ujerumani, na mwananchi anaiona kila siku kwa macho yake. Baba angekaa kwenye kivuko kile kutwa.

SOKO LA JUMAPILI ALFAJIRI

Fischmarkt (soko la samaki) ya Altona, hapohapo Hamburg, inafanyika Jumapili tu, na imekuwapo tangu 1703. Majira ya joto inaanza saa 11 alfajiri, na saa 3 na nusu asubuhi wamefunga. Tulifika saa 11 na robo, jua limeshatoka. Kuna aina mbili za watu: wazee waliotoka kitandani na vikapu vyao, na vijana waliokesha Reeperbahn, mtaa wa starehe za usiku, ambao hawajalala bado.

Nilitegemea soko kama Deep Sea pale Tanga, samaki wamemwagwa chini, mnada wa kelele. Samaki wapo, lakini wanauza pia ndizi, maua, mikunga ya moshi, jibini. Wauzaji wanasimama juu ya malori yao na kupiga kelele. Yule wa matunda alinishangaza. Anajaza kikapu: nanasi, ndizi, maembe, zabibu, kila tunda analirushia maneno, watu wanacheka, anataja bei, hakuna anayeinua mkono, anaongeza tikiti, anashusha bei, hapo mikono inainuka kumi kwa mpigo. Mdogo wangu ananitafsiria, lakini hata bila tafsiri ningeelewa. Mnadi ni mnadi.

Muuza mikunga alikuwa mtu mzima wa sauti nzito. Alimkata mkunga vipande na kuwatupia watu waonje, kipande kimoja nikakidaka. Mtamu, lakini mafuta yake ni ya kukinaisha. Kipande kimoja kinatosha.

Pembeni ndipo lilipo jengo la zamani la mnada wa samaki, la 1896, matofali na vioo. Siku hizi ndani kuna bendi ya muziki na watu wanakunywa chai. Mnada wenyewe haupo tena, na hilo nililionea huruma. Ukumbi ule ulijengwa kwa sauti za wavuvi.

MASWALI YA HALALI, NA VYAKULA VINGINE

Najua wengi mtauliza kuhusu chakula cha halali, najibu kwa pamoja.

Ukibaki kwenye samaki uko salama kwa sehemu kubwa, ila uliza. Viazi vya kukaanga wanavipenda na vipande vya nguruwe, na hata samaki aina ya Scholle akikaangwa mtindo wa Finkenwerder anawekewa nguruwe juu. Sema mapema hutaki. Kale ya Bremen (mboga ya majani, jamaa ya sukuma wiki) wanayoita Grünkohl nayo inapikwa na soseji za nguruwe, lakini hiyo ni ya majira ya baridi, Juni hutaiona.

Ukitaka nyama, nyuma ya stesheni kuu ya Hamburg kuna mtaa wa St. Georg, barabara ya Steindamm. Waturuki, Waafghani, Waarabu, na misikiti iko karibu. Pale nilikula wali na kondoo mara tatu, roho ikatulia.

Labskaus ndiyo sahani niliyoonywa nayo na watu wengi. Ni nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwapondwa na viazi, vitunguu na bitiruti mpaka inakuwa uji mzito wa rangi ya waridi, juu yai la kukaanga, pembeni tango la siki na heringi aliyeviringishwa. Kwa macho haivutii. Lakini tazama vilivyomo: nyama ya pipa, samaki wa pipa, tango la pipa. Hiki ni chakula cha baharia aliyekaa miezi baharini, ambaye hana kibichi chochote, na meno yake labda yamelegea. Nilipewa sahani kwenye mgahawa wa kawaida, nikamaliza. Ladha yake inafanana na viazi vya nyama vya kwetu vilivyopondwa, na lile yai linaifunga vizuri. Msiikatae kwa sababu ya sura.

Kwa wapenda vitafunwa: Franzbrötchen. Ni andazi bapa la siagi lenye mdalasini mwingi, linanata vidole. Ni la Hamburg, asubuhi na kahawa. Huo mdalasini ndio unaonipeleka kwenye sehemu inayofuata.

MAGHALA

Speicherstadt ya Hamburg ni mji mzima wa maghala, matofali mekundu, umejengwa juu ya nguzo kando ya mifereji. Ulianza kujengwa 1883, ukafunguliwa 1888, na tangu 2015 uko kwenye urithi wa dunia. Kila ghala lina mlango wa majini na mlango wa barabarani, na juu ya paa kuna winchi ya kuvuta magunia ghorofa kwa ghorofa. Kahawa, chai, kakao, viungo, mazulia. Siku hizi makontena yameua kazi ile, mengi yamekuwa ofisi na makumbusho. Kuna makumbusho ya viungo ambapo unaruhusiwa kushika. Niliingiza mkono kwenye gunia la karafuu nikanusa.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtalii. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa Hamburg mwaka 1890, na meli zake zilikuwa zikija Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Mkonge wenyewe uliomlisha baba yangu ulipita hapa: miche iliyotolewa Florida ikapitishwa Hamburg, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893. Mashamba yote yale ya Tanga, Korogwe, Ngomeni, chimbuko lake ni miche hiyo 62. Nilikuwa naijua hadithi tangu shule ya msingi. Kuijua ukiwa umesimama gatini pale ni jambo lingine.

Na kuna aliyetangulia kabla ya hayo yote. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, alifika Hamburg 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara, Heinrich Ruete. Mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akabaki na watoto wadogo kwenye baridi ile. Kaburi lake liko Ohlsdorf, makaburi makubwa kiasi kwamba mabasi yanapita ndani. Tulikwenda. Nilisoma Fatiha, tukakaa kidogo kwenye benchi chini ya miti, hatukuongea sana. Nilikuwa nawaza alikula nini mwaka ule wa kwanza, mtu aliyelelewa kwa pilau na halua, akaletewa heringi na viazi.

Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010. Ningependa wanaofanya ziara za kiserikali wapelekwe pia Ohlsdorf.

CHUMVI YA LÜBECK

Lübeck sitaandika sana, marzipani yao ya lozi imeshasemwa na kila mtu (nunua Niederegger, wako kazini tangu 1806). Kitu kimoja tu. Karibu na lango la Holstentor, kando ya maji, kuna maghala ya zamani yamesimama bega kwa bega. Yalikuwa ya chumvi. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikaletwa kwa majahazi kupitia mfereji uliomalizika 1398, ikawekwa hapo, kisha ikapakiwa kwenda kaskazini kwenye heringi wa pwani ya Scania (kusini mwa Sweden ya leo). Samaki wakarudi kwenye mapipa, wakauzwa Ulaya ya ndani kwa Wakristo waliokuwa kwenye mifungo wasiokula nyama. Utajiri wote ule, makanisa yenye minara pacha, majumba ya wafanyabiashara, umesimama juu ya chumvi na samaki mwenye urefu wa kiganja na nusu.

Hapo ndipo yule Matjes wa Landungsbrücken alipoeleweka kwangu. Sisi tunaweka ng'onda kwa sababu jua lipo. Wao jua hawana la kukausha samaki, wakatafuta chumvi, moshi na siki.

WARNEMÜNDE, NA UDUVI WA BÜSUM

Siku moja nilikwenda Büsum, mji mdogo wa wavuvi kwenye Bahari ya Kaskazini, kwa ajili ya uduvi wao wa kijivu. Wavuvi wanawachemsha palepale chomboni kwa maji ya bahari, wakifika gatini wanauza kwa lita, na maganda yake. Wengi wanaouzwa madukani wameshasafirishwa mpaka Morocco kumenywa kwa mkono na kurudishwa, hilo lilinishangaza. Mama mmoja kwenye benchi aliniona nahangaika akanifundisha bila kuniuliza: shika kichwa kwa mkono huu na mkia kwa huu, zungusha nusu, sukuma kidogo kwa ndani, vuta. Nyama inatoka nzima, ndogo kama punje ya hindi. Alimenya kumi nikiwa namenya wawili. Tulikaa nusu saa tunamenya na kula na mkate wa siagi, yeye hajui Kiingereza, mimi Kijerumani changu cha "danke". Nilipoaga akasema "Moin".

Warnemünde ndiyo ilikuwa mwisho, upande wa Bahari ya Baltiki, karibu na Rostock. Kuna mfereji wa zamani unaoitwa Alter Strom, mashua zimefungwa ukingoni, na nyingi zinauza samaki wa moshi na mikate kutoka ndani ya mashua yenyewe. Unasimama juu, muuzaji yuko chini, anakunyooshea.

Niliagiza heringi wa siki. Nikakaa ukingoni saa nzima kusubiri mashua zipande au zishuke, kama tulivyozoea. Hazikusogea. Nikamuuliza yule muuzaji, maji yanapwa saa ngapi hapa? Akacheka, akaelekeza mkono kwenye kamba za mashua yake, fupi, zimekazwa bila nafasi yoyote ya maji kucheza. Baltiki haipwi wala haijai kiasi cha kuonekana.

Nimepiga picha ya zile kamba. Nikipata mtandao mzuri nitazipandisha hapa pamoja na za Landungsbrücken, muone kamba za bandari yenye kupwa na kujaa zinavyoachiwa.

Na kuhusu Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: nayo ilijengwa Papenburg, hukohuko kaskazini, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa Hamburg mpaka Dar, halafu reli mpaka Kigoma. Papenburg sikufika, treni zilinichanganya siku ile. Mdogo wangu bado ana miaka miwili Bremen, nitakwenda.